Ndugu akiumwa gerezani: mzigo ni wa nani, na sisi tulio nje tunashika wapi

Mwaka juzi binamu yangu alikaa mahabusu miezi minne kwa kesi ambayo baadae ilikuja kufutwa, na huyu ana pumu tangu mtoto, kwao pale Soweto Moshi kila mtu wa nyumba ile anajua pampu yake inakaa wapi. Siku anapokelewa pampu ikabaki mapokezi pamoja na mkanda, simu na kamba za viatu. Wiki ya pili tumeenda kumuona anaongea maneno matatu anapumzika. Mama mkubwa akamfata askari pale getini, kwa heshima zote, "Shikamoo afande, mwanangu anaumwa kifua, naomba apewe dawa yake." Akajibiwa, "Marahaba mama, lakini hapa siyo hospitali." Gereza silitaji na yule askari simtaji. Tulirudi na hiace mpaka stendi hakuna aliyefungua mdomo.

Lile jibu ndo lilinifanya nianze kuuliza uliza, kwanza kwa wakili mmoja, alafu kwa wasaidizi wa kisheria wa kata, alafu nikaanza kusoma mwenyewe, na nilichogundua ni kwamba familia nyingi huku Kilimanjaro na Arusha zinaamini kabisa kuwa mtu akishaingia ndani afya yake ni bahati yake, akipona tunamshukuru Mungu, akifa basi siku zake zilifika. Sheria haisemi hivyo hata kidogo.

Tuanze na maneno maana hapa ndo watu wengi wanachanganya. Lokapu ni polisi. Mahabusu yuko gerezani ila kesi yake haijaisha, na mfungwa ni yule ambaye hukumu imeshatoka. Katiba yetu ya 1977 ibara ya 13(6) inasema mtu asihesabiwe mkosaji mpaka ithibitike kwamba ana hatia, na hiyo hiyo ibara inataka utu wa mtu ulindwe katika shughuli zote za upelelezi na za kesi na hata wakati adhabu inatekelezwa, na inakataza kumtesa mtu au kumpa adhabu za kinyama na za kudhalilisha. Soma vizuri hapo: hata wakati adhabu inatekelezwa. Kwahiyo hata yule ambaye kweli alikosa na akahukumiwa miaka 30 bado yuko ndani ya ibara hiyo. Mahakama imempa kifungo. Haijamhukumu kuugua TB wala kukosa insulini wala kupigwa na wenzie usiku.

Na sababu yake ukifikiria ni rahisi tu. Mimi na wewe tukiumwa tunaita bodaboda tunaenda Mawenzi au Mount Meru, ukikosa hela unakopa kwa jirani, ukikosa kabisa unaenda dispensari ya karibu unamlilia nesi. Mtu aliye ndani hawezi kufanya hata kimoja kati ya hivyo. Aliyeshika ufunguo ndo kaondoa uwezo wake wa kujitibia, kwahiyo kuanzia hapo kazi ya kumtibia ni yake. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile yenye makao Banjul kule Gambia, ililisema hili wazi kwenye uamuzi wake wa 1998 juu ya Ken Saro-Wiwa, mwandishi wa Nigeria aliyenyongwa Novemba 1995. Alipokuwa kizuizini alikuwa anaumwa na akanyimwa daktari, na Tume ikasema wajibu wa serikali unakuwa mkubwa zaidi pale mtu anapokuwa mikononi mwake, kwasababu uzima wake wote unategemea wale wanaomshikilia. Ikaona ibara ya 16 ya Mkataba wa Afrika imevunjwa, ambayo ndiyo ya haki ya afya. Mkataba huo Tanzania tuliuridhia 1984.

Sasa afya yenyewe inatakiwa iweje? Huku ndani tuna Sheria ya Magereza ya 1967, ina vifungu kuhusu tabibu wa gereza na kumhamishia mgonjwa hospitali pale inapobidi. Kwa upande wa dunia zipo kanuni za Umoja wa Mataifa zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela, zilipitishwa mara ya kwanza Geneva 1955, zikaandikwa upya na kupitishwa na Baraza Kuu tarehe 17 Desemba 2015, ziko 122. Hizi siyo sheria ya bunge letu, huwezi kwenda kumshtaki mtu kwa kanuni ya Mandela peke yake, ila ndo kipimo ambacho mahakama na tume zinakitumia kuangalia kama mtu katendewa kibinadamu, na wakili mzuri atazitaja.

Zinasema matibabu ya mfungwa yawe ya kiwango kile kile wanachopata watu wa uraiani, bure, bila kubagua. Mtu aonwe na mhudumu wa afya mapema iwezekanavyo baada ya kupokelewa. Ya dharura atibiwe mara moja, na ambaye gereza haliwezi kumhudumia ahamishiwe hospitali. Apimwe kwa faragha, siyo mbele ya watu arobaini. Alafu kuna moja ambayo laiti mama mkubwa angeijua siku ile pale getini: uamuzi wa kitabibu unafanywa na mtu wa afya peke yake, na askari au mkuu wa gereza asiye wa afya hana ruhusa ya kuutengua wala kuupuuza. Kwa maneno mengine daktari akiandika huyu aende hospitali ya KCMC, hoja ya gari halina mafuta au askari wa kumsindikiza ni wachache inaweza kuwa ya kweli kabisa, na mimi nawaonea huruma maaskari wengi maana na wao wanafanya kazi kwenye mazingira magumu, lakini haigeuki kuwa uamuzi wa kitabibu. Inabaki kuwa uzembe wa mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo wa mwisho ni serikali.

Ngoja nikae kwenye TB kidogo maana huku kwetu tuna historia nayo, hospitali ya Kibong'oto kule Siha ilianza 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu na mpaka leo watu wanapelekwa pale. TB inasafiri kwa hewa. Mgonjwa akikohoa kwenye chumba kilichojaa, madirisha madogo, watu wamelala ubavu kwa ubavu na mlango umefungwa tangu jioni mpaka asubuhi, wote mnavuta hewa hiyo hiyo. Ndo maana karibu kila nchi ukienda TB gerezani iko juu kuliko uraiani. Mandela mwenyewe aligundulika na TB Agosti 1988 akiwa mfungwa wa gereza la Pollsmoor kule Cape Town.

Na ni Pollsmoor hiyo hiyo ilikotoka kesi ambayo naona kila mwanasheria wa Afrika angetakiwa kuijua. Bwana mmoja, Dudley Lee, aliingia pale 1999 kama mahabusu, akakaa mpaka 2004, mwisho akaachiwa, hakukutwa na hatia. Ila alitoka na historia ya TB aliyoipatia mle ndani. Akaishtaki serikali. Shida ikawa kwenye ushahidi, yaani serikali ikamuuliza, wewe utathibitishaje ni nani alikuambukiza, lini, na kwamba hata gereza lingefanya kila kitu sawasawa usingeugua? Mahakama Kuu ikampa haki, Mahakama ya Rufani ikamnyima kwa sababu hiyo hiyo ya ushahidi, mpaka Desemba 2012 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikaamua kwa kura 5 kwa 4 kwamba hawezi kutakiwa athibitishe kitu ambacho hakuna binadamu anaweza kukithibitisha, inatosha kwamba gereza halikuwa na utaratibu wa maana wa kuwapima wanaoingia na kuwatenga wenye maambukizi, na kukosekana huko kuliongeza hatari hadi akaugua. Hukumu hiyo haiifungi mahakama ya Tanzania, ni ya nchi nyingine, lakini hoja yake inaweza kupelekwa mbele ya jaji wa Moshi au Arusha akaipima.

Kwetu dawa za TB na ARV ni bure. Kinachoua dozi gerezani ni kuhama. Mtu anakamatwa Arusha mjini, anakaa lokapu siku kadhaa, anapelekwa gereza hili, baadae lile, kadi yake ya kliniki iko nyumbani kwenye droo, na TB ya kawaida inataka dawa miezi 6 bila kuruka. Kwahiyo kama ndugu yako anatumia dawa za kila siku, iwe za TB, za CTC yaani kliniki ya VVU, presha, sukari, kifafa au za akili, kitu cha kwanza kabla hata ya kutafuta hela ya wakili ni kopi ya kadi yake ifike kwa tabibu wa gereza, na ile ya kwake halisi ubaki nayo.

Polisi nako kuna sheria yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema aliye chini ya ulinzi atendewe kwa utu, na akiomba matibabu, au hata asipoomba lakini askari anaona kabisa kwamba huyu anahitaji, askari achukue hatua apate. Kama kaumizwa wakati wa kukamatwa, ombeni PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, siku hiyo hiyo, maana kidonda kinapona na ushahidi unaondoka nacho.

Usalama ni upande wa pili wa jambo hilo hilo, maana mbavu iliyovunjwa selo na pumu iliyonyimwa pampu mwisho wake ni mmoja. Kanuni za Mandela zinataka wanaume na wanawake wakae mbalimbali, watoto mbali na wakubwa, mahabusu mbali na waliohukumiwa. Mtoto chini ya miaka 18 kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 hatakiwi kuwekwa na watu wazima, na Moshi na Arusha zote zina mahabusu ya watoto, kwahiyo ukisikia kijana wa miaka 15 analala selo moja na watu wazima hapo kuna kosa, peleka cheti chake cha kuzaliwa mahakamani haraka. Kuna suala la manyapara pia. Kanuni ya 40 inakataza mfungwa kupewa mamlaka ya kuwaadhibu wenzie, na wote tunajua kwa waliotoka ndani jinsi kiongozi wa selo anavyoweza kuamua nani analala wapi na nani anapigwa. Kumnyima mtu chakula au maji kama adhabu ni marufuku, kumfungia kwenye selo ya giza ni marufuku, na kumtenga peke yake zaidi ya siku 15 mfululizo ni marufuku. Mama mjamzito asifungwe pingu wakati wa uchungu na kujifungua, ajifungulie hospitali ya nje inapowezekana, na mtoto akizaliwa gerezani cheti chake kisiandikwe gerezani. Hiyo ya cheti ilinigusa sana nilipoisoma.

Wa Arusha mnaijua Kisongo. Pale ndani ya eneo la gereza ndipo Umoja wa Mataifa ulijenga mahabusu yake kwa ajili ya watuhumiwa wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, ile mahakama iliyoundwa Novemba 1994 na kufungwa mwisho wa 2015. Watuhumiwa wale kila mmoja alikuwa na selo yake na walikuwa na daktari wao. Sisemi walitakiwa wapewe kidogo, hapana, walipewa kile ambacho kanuni zinataka mtu yeyote aliyefungwa apewe. Nasema imeshawezekana, ardhi ile ile, jua lile lile. Tena Februari 1999 wakuu wa magereza wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini walikaa hapo hapo Arusha wakatoa Azimio la Arusha kuhusu uendeshaji bora wa magereza. Wengi tunalijua lile la 1967 tu.

Haya, tunashika wapi?

Kama ni mahabusu, mahali pa kwanza ni kizimbani. Kesi inatajwa kila baada ya wiki mbili hivi, na watu wanapandishwa karandinga, wanasomewa tarehe mpya, wanarudi. Zile dakika mbili ni za thamani sana. Anyooshe mkono aseme mheshimiwa naumwa, nina pumu, dawa yangu imezuiwa tangu tarehe fulani, naomba mahakama iandike na itoe amri nipelekwe hospitali. Neno la muhimu ni iandike. Likishaingia kwenye mwenendo wa kesi hakuna atakayesema baadae hatukujua. Na kwa kosa lenye dhamana, ugonjwa ni hoja ya kulegezewa masharti. Kwa makosa yasiyo na dhamana kama mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha au utakatishaji fedha, msipoteze muda hapo, kifungu kinachozuia dhamana kilitenguliwa na Mahakama Kuu Mei 2020 lakini Mahakama ya Rufani ikakirudisha Agosti mwaka huo huo. Kazi inabaki kudai matibabu.

Kwa mfungwa aliyehukumiwa, njia ni barua kwa mkuu wa gereza, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Watu wanapuuza hili la muhuri, wanaongea kwa mdomo miezi sita alafu siku ya siku hawana karatasi hata moja. Majaji na mahakimu nao wana nafasi kisheria ya kukagua magereza na kusikiliza malalamiko, kwahiyo jina la ndugu yako na ugonjwa wake vinaweza kumfikia naibu msajili wa mahakama kabla ya ukaguzi. Kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iko kwenye Katiba ibara ya 129, sheria yake ni ya 2001, ina mamlaka ya kutembelea magereza na kupokea malalamiko bure, kwa Kiswahili. Na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inataka polisi na magereza waweke utaratibu wa watu walio ndani kufikiwa na watoa msaada wa kisheria, kwahiyo kukosa hela ya wakili siyo mwisho wa safari.

Ikishindikana kabisa ni Mahakama Kuu, Moshi ipo na Arusha ipo. Shauri la kikatiba unalifungua chini ya ibara ya 30(3), ila marekebisho ya 2020 yalitaka anayefungua aape kwamba yeye mwenyewe kaathirika, kwahiyo salama ni mwombaji awe mfungwa mwenyewe. Ukitaka fidia ni madai dhidi ya serikali, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe, na kabla ya yote unatoa notisi ya siku 90. Madai ya aina hii yana ukomo wa miaka 3. Nimekutana na familia iliyokuja mwaka wa tano ikiwa na karatasi zote safi kabisa, na hakukuwa na cha kufanya, iliniuma.

Watu wa Arusha huwa wananiuliza, si tuna Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu hapo barabara ya Dodoma, twende tu? Kwa miaka kumi ilikuwa inawezekana. Wafungwa wengi wa Tanzania waliandika kutoka magerezani, na moja ya kesi kubwa ilitoka huku kwetu, mtu aliyehukumiwa Rombo miaka 30 akawa gereza la Karanga, Novemba 2015 akashinda, na miongoni mwa mambo mahakama iliyoyaona ni kwamba kesi yake kule chini iliendelea bila yeye kujitetea wakati anaumwa, na hakupewa wakili. Ila Novemba 2019 Tanzania ilijitoa kwenye tamko linaloruhusu mtu binafsi kwenda pale, ikaanza kazi tarehe 22 Novemba 2020, kwahiyo kesi mpya za mtu mmoja mmoja dhidi ya Tanzania hazipokelewi. Tume ya Banjul bado iko wazi baada ya kumaliza njia za ndani. Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo nayo iko Arusha na watu wanazichanganya hizi mbili, inapokea watu binafsi lakini ndani ya miezi 2 tu tangu tukio, na hoja inabidi isimame kwenye Mkataba wa Jumuiya, yaani utawala wa sheria, siyo haki ya afya moja kwa moja.

Na ndugu akifia ndani, msikubali kuzika kwa haraka haraka kabla ya kuuliza. Kanuni zinataka kifo cha aliye kizuizini kiripotiwe kwa mamlaka huru ichunguze, na nchini kuna Sheria ya Uchunguzi wa Vifo inayompa hakimu kazi hiyo. Ombeni uchunguzi wa mwili, ombeni ripoti, ikiwezekana daktari mnayemwamini awepo. Najua kwenye msiba hakuna mwenye nguvu ya kuandika barua, ndo maana nasema mtu mmoja wa ukoo apewe kazi hiyo peke yake, wengine walie.

Binamu yangu aliongea kizimbani wiki ya tatu. Tulimwandikia maneno kwenye kikaratasi tukampa wakili wa msaada ampitishie, akayasoma huku anakohoa, hakimu akaacha kuandika tarehe akamtazama, alafu akaandika amri. Siku mbili mbele wakampeleka hospitali. Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye benchi pale nje tangu asubuhi na pampu mpya kwenye mkoba, askari wa kike aliyekuwa kwenye msafara akaja mwenyewe akaichukua mkononi mwake, akamwambia, "Nampelekea sasa hivi mama, na nitaandika kwamba nimempa."